SOMO LA AFYA: KUPIMA VITAMINI D KWA MTU MZIMA ASIYEUMWA

Ifahamike kwamba vitamini D huuwezesha mwili kunyonya madini ya kalsiamu yanayoimarisha mifupa. Mtoto aliyeikosa hupata matege. Mtu mzima mifupa yake hulainika na kuuma. Je, asiye na dalili yoyote apimwe damu?

Ugumu umo katika kiwango chenyewe. Nchini Marekani, Taasisi ya Tiba ilieleza mwaka 2010 kwamba nanogramu 20 kwa mililita zinawatosha takriban watu wote. Mwaka uliofuata chama cha wataalamu wa homoni, Endocrine Society, kikashikilia 30. Hivyo mwenye 25 alitosheka kwa hesabu moja na kupungukiwa kwa nyingine, naye ni yule yule. Aidha, maabara mbili huweza kutoa majibu tofauti kwa damu moja.

Utafiti wa VITAL, uliowashirikisha watu 25,871 nchini humo bila kuchagua wenye upungufu, ulionyesha kwamba yuniti 2,000 kila siku hazikupunguza saratani, maradhi makubwa ya moyo wala kuvunjika mifupa. Mwaka 2024 Endocrine Society ikakiacha kiwango cha 30, na kushauri watu wazima wenye afya wasipimwe kwa mazoea.

Ushauri huo haumhusu mwenye maumivu ya mifupa, maradhi ya figo au ini, ama utumbo usionyonya chakula vyema. Huyo na apimwe, na vidonge atumie kwa kiasi alichoelekezwa na daktari, kwani vikizidi mno kalsiamu hujaa katika damu na kuziumiza figo.