Swali Kwanza, Chuo Baadaye: Mwalimu Anapoomba Masomo ya Udaktari wa Sayansi ya Siasa

Kila mwaka, mafunzo yanapokaribia kwisha, wanachuo hutujia na swali ambalo halimo katika muhtasari wa somo lolote: je, mwalimu wa shule ya msingi aweza kufika hata shahada ya udaktari? Wengi huwaza udaktari wa elimu. Wachache, hasa wale waliovutiwa na uraia na historia, hutaja sayansi ya siasa. Jibu letu ni kwamba aweza, ingawa safari ni ndefu: mwenye cheti au stashahada hana budi kupata shahada ya kwanza, na mahali pengi shahada ya uzamili pia, kabla ya kubisha hodi kwenye mlango wa udaktari. Lakini tumeona ya kuwa anayeuliza swali hilo hufuatisha upesi swali la pili, nalo ndilo linalotutia wasiwasi: "Chuo gani ndicho kikubwa?"

Mwenzetu mmoja alilijibu swali hilo la pili kwa gharama. Alikuwa amefundisha kwa miaka tisa, akajiendeleza hadi uzamili, kisha akaomba nafasi ya udaktari ng'ambo katika chuo kimoja tu, kwa sababu jina la chuo hicho alilisikia tangu utotoni. Akapata barua ya kukubaliwa. Nyumbani kwao walichinja mbuzi. Barua ile ilikuwa na kurasa tatu, na katika ukurasa wa tatu iliandikwa kwamba chuo hakikuwa na fedha za kumsaidia. Aliuza shamba, akalipa ada ya mwaka wa kwanza. Alipofika alikuta kwamba profesa ambaye vitabu vyake vilimvutia amekwisha kustaafu, na msimamizi aliyepewa alikuwa mtaalamu wa mabunge ya Ulaya. Baada ya miezi kumi na minne alirejea bila shahada. Ni mwalimu hodari hata leo, nasi hatujapata kumwuliza habari za shamba.

Tunaisimulia habari hii kwa sababu hakuna hata kosa moja katika hayo lililotokana na upungufu wa akili. Kila moja lingegunduliwa mapema kwa kusoma matangazo na barua kwa makini, nako kusoma kwa makini ndiko tunakowafundisha watoto wa Darasa la Nne.

Udaktari huu ni wa nini?

Yafaa kwanza tuondoe dhana iliyozoeleka. Sayansi ya siasa si chuo cha kumwandaa mgombea ubunge. Ni elimu ya kuuliza jinsi mamlaka yanavyopatikana, yanavyotumika na yanavyozuiwa, na kujibu kwa ushahidi. Kama somo la chuo kikuu lenye idara zake na shahada zake, lilichukua sura tunayoijua huko Marekani: Columbia ilianzisha kitivo chake cha sayansi ya siasa mwaka 1880, na chama cha wataalamu wa somo hilo nchini humo kikaundwa mwaka 1903. Idara za Marekani aghalabu huligawa somo katika matawi: siasa za Marekani zenyewe, siasa linganishi, uhusiano wa kimataifa, falsafa ya siasa, na mbinu za utafiti. Mwalimu wa kwetu mara nyingi atajikuta katika siasa linganishi, yaani tawi linalolinganisha nchi na nchi, au wilaya na wilaya.

Udaktari hutolewa kwa tasnifu, na tasnifu ni jibu refu la swali moja. Hapo ndipo tunapotaka mwanachuo asimame kidogo. Asiye na swali hana cha kuomba, hata kama ana alama nzuri na nauli mfukoni.

Je, mwalimu wa shule ya msingi aweza kuwa na swali la kiwango hicho? Tutoe mfano. Mwaka 2004 jarida la World Politics lilichapisha makala ya Edward Miguel, mchumi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Alilinganisha wilaya mbili zilizo karibu na Ziwa Viktoria: Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Katika Busia aliona kwamba penye mchanganyiko mkubwa wa makabila, shule za msingi zilipata michango midogo zaidi kutoka kwa wananchi. Katika Meatu hakuona upungufu wa namna hiyo. Vijiji vyenye makabila mengi havikuwa nyuma ya vile vyenye kabila moja. Sababu aliyoitoa ni siasa ya kujenga taifa iliyofuatwa Tanzania baada ya uhuru: lugha ya Kiswahili, mafunzo yaliyotolewa shuleni, na mpango wa serikali za vijiji.

Mwanachuo na aitazame tena habari hiyo. Vifaa vya utafiti ule vilikuwa madawati, vyumba vya madarasa na michango ya wazazi. Mwalimu mkuu wa shule yoyote ya Meatu alikuwa na daftari lenye mambo hayo kabatini mwake. Alichokosa si habari. Alikosa desturi ya kuigeuza habari kuwa swali, na kuvuka mpaka ili kutafuta mahali pa kulinganisha. Wala si lazima akubali jibu la Miguel. Wilaya mbili si nchi mbili, na msomaji anayeijua Meatu aweza kuuliza kama hakukuwa na tofauti nyingine kati ya sehemu hizo, zaidi ya siasa ya taifa. Anayeuliza hivyo amekwisha kuanza udaktari wake, ingawa bado hajajaza fomu.

Nchi na nchi

Mtu akiisha kuwa na swali, ndipo atafute ni nani anayeshughulika na maswali ya jinsi hiyo, na mtu huyo yuko wapi. Utaratibu wa nchi mbalimbali si mmoja.

Nchini Marekani mwanafunzi husoma kozi kwa miaka miwili hivi, kisha hufanya mitihani mikubwa, hutetea pendekezo la utafiti, na mwishowe huandika tasnifu. Kazi yote huchukua miaka mitano, sita, au zaidi. Idara nyingi humpokea hata mwenye shahada ya kwanza pekee. Mwombaji hakubaliwi na profesa mmoja bali na kamati ya idara. Hata hivyo, kamati hutazama kama wapo walimu wawili au watatu wawezao kumwongoza. Uingereza ni kinyume chake: mwanafunzi huingia moja kwa moja katika utafiti, kwa miaka mitatu au minne, na pendekezo la utafiti huletwa pamoja na maombi. Huko ni desturi kumwandikia msimamizi mtarajiwa mapema. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kilianza mwaka 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London na kuwa chuo kikuu cha taifa mwaka 1970, mwalimu hupata faida nyingine: yuko karibu na nyaraka na watu anaotaka kuwachunguza. Tusilidharau jambo hilo. Vijana wa Marekani wanaotaka kuandika juu ya Afrika Mashariki hutumia miaka kujifunza Kiswahili ambacho mwanachuo wetu alikuja nacho kutoka nyumbani.

Kwa hiyo tunashauri orodha ya vyuo sita hadi kumi, si kimoja. Na kila jina liingie kwa sababu inayoweza kuandikwa mbele yake kwa sentensi moja. "Ni maarufu" isihesabiwe kuwa sababu. Profesa aliyetajwa aangaliwe kama bado anafundisha, kama bado anapokea wanafunzi, na kama ameandika chochote juu ya jambo hilo katika miaka ya karibuni. Baada ya kupata nafasi, mwombaji awaandikie wanafunzi wawili watatu waliopo na kuwauliza mambo ambayo tangazo halisemi: msimamizi hurudisha sura ya tasnifu baada ya muda gani? Waliomaliza wanafanya kazi gani sasa? Waliokatiza walikatiza kwa nini? Si wote wanaopata udaktari huwa maprofesa, na idara yenye uaminifu haitaona haya kueleza hivyo.

Karatasi zinazotakiwa

Idara kubwa za Marekani huweza kupokea maombi mamia kadhaa na kuchukua watu wasiozidi ishirini. Kinachotenganisha maombi mengi yanayofanana ni maelezo ya makusudio, karatasi ya kurasa mbili hivi. Hapa ndipo walimu wetu hukosea kwa wema. Huandika: "Tangu utoto wangu nimependa siasa na shabaha yangu ni kulitumikia taifa." Hapana shaka ni kweli, lakini sentensi hiyo yaweza kuandikwa na mtu yeyote. Linganisha na hii: "Katika kata niliyofundisha, kamati ya shule moja ilijenga vyumba vitatu kwa nguvu za wananchi, kamati ya shule ya jirani, yenye wazazi wa hali ileile, haikujenga hata kimoja. Nataka kujua kama tofauti hiyo ilitokana na namna wajumbe walivyochaguliwa." Sentensi hii ya pili haiwezi kuandikwa ila na mwalimu aliyekuwapo.

Barua za wadhamini kwa kawaida ni tatu. Ziandikwe na walimu waliomfundisha mwombaji chuo kikuu na kuisoma kazi yake. Barua ya Mkuu wa Wilaya, hata ikiwa na mhuri mkubwa kiasi gani, haitaisaidia kamati kujua kama mtu huyu anaweza kufanya utafiti. Mdhamini apewe muda usiopungua mwezi mmoja, pamoja na nakala ya maelezo ya makusudio. Sampuli ya maandishi nayo hutakiwa, na insha nzuri ya shahada iliyosahihishwa upya hufaa zaidi kuliko kazi mpya ya haraka. Upo pia mtihani wa Kiingereza. Mtihani wa jumla uitwao GRE uliachwa au kufanywa wa hiari na idara nyingi kuanzia mwaka 2020, lakini si zote, basi tangazo la kila idara lisomwe peke yake.

Mwenye alama hafifu za zamani asikate tamaa upesi. Ali Mazrui wa Mombasa alikosa nafasi Makerere kwa sababu ya matokeo yake ya sekondari. Alipata shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, ya uzamili Columbia mwaka 1961, na udaktari Oxford mwaka 1966. Naye alirudi Makerere kuwa profesa wa sayansi ya siasa katika chuo kilekile kilichokuwa kimemkataa.

Fedha

Tungependa kila mwanachuo akumbuke kwamba kukubaliwa na kugharimiwa ni mambo mawili. Idara nyingi za utafiti za Marekani humsamehe ada mwanafunzi wa udaktari na kumpa posho kwa miaka kadhaa, naye husaidia kufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza. Katika kazi hiyo mwalimu aliyefunzwa huwatangulia wenzake wengi, ambao hawajapata kushika chaki. Uingereza fedha huombwa mbali na nafasi, na tarehe zake huweza kutangulia. Popote palipo, mwombaji aulize kwa maandishi: posho ni ya miaka mingapi, hulipwa miezi mingapi kwa mwaka, bima ya matibabu imo au haimo, na kodi ya chumba katika mji ule ni kiasi gani. Posho inayotosha katika mji mdogo yaweza kuwa njaa katika New York. Aidha, fedha hizi hupanda na kushuka: mwaka 2025 baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani vilipunguza nafasi za udaktari au kusitisha kupokea wanafunzi katika idara kadhaa.

Ada ya maombi nayo ni mzigo. Yaweza kupita dola 75 kwa chuo kimoja. Idara kadhaa huisamehe kwa mwombaji anayeomba msamaha huo kabla ya tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo aghalabu huwa Desemba. Majibu huja Februari na Machi. Vyuo vingi vya Marekani vimeafikiana kwamba aliyepewa nafasi pamoja na fedha asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Anayesukumwa aamue kwa siku tatu ana haki ya kuitaja tarehe hiyo kwa adabu.

Somo la vipindi viwili

Mkufunzi akitaka kulitumia jambo hili darasani, alete matangazo matatu ya masomo ya udaktari, moja la Marekani, moja la Uingereza na moja la hapa nchini, yakiwa yamefunikwa majina ya vyuo. Wanachuo wagawanywe makundi ya watu watano. Katika kipindi cha kwanza kila kundi litafute katika tangazo lake: nani atafundisha, nani atalipa, muda ni gani, na ni jambo gani halikuelezwa. Hili la mwisho ndilo gumu, na mkufunzi asikimbilie kulijibu. Makundi yakiisha kuchagua tangazo bora na kutoa sababu, majina yafunuliwe. Tulipojaribu somo hili, makundi mawili yalitaka kubadili uamuzi mara tu yalipoona jina. Tukayauliza ni sababu ipi kati ya zile yalizoandika iliyokuwa imebadilika. Mjadala uliofuata ulikula muda wa chai.

Kipindi cha pili ni cha kuandika. Kila mwanachuo akumbuke shule alikofanyia mazoezi ya kufundisha, ataje jambo moja la madaraka aliloliona huko kwa macho yake, ataje mahali pa pili pa kulinganisha, kisha aandike swali lake kwa sentensi zisizozidi nne bila kutumia maneno "taifa", "maendeleo" wala "changamoto". Madaftari yakusanywe na kurudishwa baada ya wiki moja, yakiwa na swali moja la mkufunzi chini ya kila kazi badala ya alama.