Somo la Kwanza la Urubani: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Haya ni kwa anayekwenda Uwanja wa Wilson, Nairobi, kukalia kwa mara ya kwanza kiti cha kushoto cha Cessna ya mafunzo. Yashike yote, hata yale utakayoyaona madogo.

Lala. Kama ulikesha msibani, harusini au ukiuguza mtu, piga simu asubuhi useme, tutapanga siku nyingine. Pombe isiingie kinywani ndani ya saa 8 kabla ya kuruka, na hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Mimi nataka uiache tangu jana yake. Miraa vilevile.

Usimeze Piriton kwa ajili ya mafua kisha ukanyamaza. Dawa ile inaleta usingizi, na mafua yenyewe huziba njia ya hewa ya sikio, kwa hiyo ndege inaposhuka maumivu yanaweza kuwa makali mno. Taja kila kidonge ulichomeza.

Taja uzito wako wa kweli, pamoja na viatu na begi. Wengi huona haya hapa, na hapa ndipo sitaki haya hata kidogo. Cessna 152 hairuhusiwi kuzidi kilo 757 inaporuka. Ondoa uzito wa ndege yenyewe, ondoa mafuta ya matangi yaliyojaa, watu wawili na mizigo yao wanabakiwa na kama kilo 180. Ukijipunguzia kilo 10 kwa aibu, umeiharibu hesabu ambayo mwalimu anaitegemea. Na Wilson haisamehi hesabu mbovu: uwanja uko futi 5,546 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Joto likifika nyuzi 25 mchana, ndege huruka kama iliyo karibu futi 8,000. Injini hupungua nguvu, propela haivuti sawasawa, na ndege hula njia ndefu kabla ya kuinuka. Ndiyo sababu nasema omba somo la asubuhi.

Ukiomba, usiseme “saa tatu” ukaishia hapo. Sisi tukisema saa tatu asubuhi, saa ya ukutani yenye hesabu ya Kizungu inaonyesha 9:00, na marubani, wanaohesabu kwa saa moja ya dunia nzima, wataandika 0600. Uliza ni saa ya hesabu gani, kisha fika nusu saa kabla.

Vaa viatu bapa vyenye soli nyembamba. Malapa hapana, visigino virefu hapana. Mwenye mtandio azifunge ncha zake zisining'inie karibu na usukani. Simu ikae mfukoni, imezimwa. Usije na rafiki wa kukupiga picha.

Usiguse propela. Usiiegemee, usipite mbele yake, usiizungushe hata kwa kidole, ijapokuwa injini imezimwa na ufunguo umetolewa. Mwanangu, nisikilize vizuri hapa. Cheche za injini hii hazitoki kwenye betri. Zinatoka kwenye magneto, kifaa kinachojizalishia umeme kila injini inapozungushwa. Swichi huinyamazisha magneto kwa kupitia waya mmoja tu. Waya huo ukikatika, swichi itaonyesha imezimwa ilhali magneto iko hai. Mvuke wa mafuta uliobaki ndani ya silinda ukipata cheche, propela itazunguka kabla hujauondoa mkono. Mfikie mwalimu kwa kuzunguka nyuma ya bawa, kila mara, mpaka miguu izoee njia hiyo.

Simama naye anapokinga mafuta kutoka chini ya tangi. Petroli ya ndege hizi imetiwa rangi ya buluu, na maji, yakiwamo, hukaa chini ya kikopo. Tazama kwa macho yako. Usiitikie “nimeona” kama hujaona.

Ndege ikitembea ardhini, iongoze kwa miguu. Anayetoka kwenye gari hukamata usukani na kuuzungusha kwa nguvu, na ndege haigeuki. Angani shika usukani kwa vidole, bila kuukaba. Mwalimu akisema anauchukua, uachie papo hapo na ujibu kwa sauti kwamba ni wake. Pasiwe na sekunde moja ambayo wawili mnaushika, wala moja ambayo hamna anayeushika.

Kichefuchefu kikianza, sema kingali kidogo. Usichokielewa, uliza.

Usimbembeleze mwalimu akiahirisha. Mwezi wa Julai mawingu ya Nairobi huweza kukaa chini asubuhi nzima, nawe umetoka mbali, umelipa nauli, umewaaga watu nyumbani. Nayajua maumivu hayo. Hata hivyo usiseme “mbona naona kunafunguka”. Mwombe mkae ndani ya ndege, injini ikiwa imezimwa, akuonyeshe kipimo kimoja kimoja cha mbele yako na kazi yake.

Kabla ya kulipia kozi nzima, kapimwe afya na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya.

Mkishatua, fungua kitabu chako cha kumbukumbu za safari siku hiyohiyo. Leseni ya rubani binafsi inadai angalau saa 40 za kuruka, na tamaa ya kuzifikia haraka itakujia mapema. Kama mliruka dakika 50, andika 50.