Kisima Kirefu si Shimo Tu

Wasomaji wetu wa Gongo la Mboto, Ulongoni, Pugu na kando zake wamezoea kuona lori lenye mnara wa chuma limesimama uani kwa mtu, likinguruma tangu asubuhi hata jioni. Baada ya siku chache maji hutoka, na majirani husema, "Fulani amepata kisima." Leo twapenda kuwaeleza ya kuwa shimo ni jambo moja, na kisima ni jambo jingine. Mwenye nyumba hulipa kwa mita, kwa hiyo huhesabu mita; lakini kinachomkinga na maradhi hakihesabiwi kwa mita peke yake.

Sababu ya kwenda chini

Maji ya juu hukaa katika mchanga, karibu na vyoo vya shimo na makaro, na uchafu hushuka pamoja na mvua. Alama moja ya uchafu huo ni naitreti. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo chake kuwa miligramu 50 katika lita moja, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya chupa. Naitreti haina rangi wala harufu, na kuchemsha maji hakuiondoi.

Ndiyo maana watu hutafuta maji ya chini, yaliyofunikwa na tabaka la udongo wa mfinyanzi. Hata mji wenyewe umefuata njia hiyo: ulichimbiwa visima vya mamia ya mita huko Kimbiji na Mpera, na Novemba 2022, wakati mto Ruvu ulipopungua kwa ukame, mradi wa visima wa Kigamboni ulizinduliwa ili kutoa lita milioni 70 kwa siku.

Mtambo na kazi yake

Katika nchi ya mawe magumu, kama Dodoma na Singida, wachimbaji hutumia nyundo inayoshuka shimoni na kugonga kwa nguvu ya hewa ya kompresa. Huku kwetu pwani ardhi ni mchanga na mfinyanzi, nayo hubomoka upesi. Kwa hiyo hutumiwa kekee inayozunguka pamoja na tope.

Kichwa cha kekee chenye meno hufungwa mwisho wa mabomba ya chuma. Mtambo huyazungusha, na kila bomba likiisha kushuka jingine huungwa juu yake. Wakati huo huo pampu husukuma tope ndani ya mabomba hayo. Tope hutokea chini penye meno, likapanda nje ya mabomba hata katika vishimo viwili vilivyochimbwa kando. Katika kishimo cha kwanza mchanga hutuama. Katika cha pili tope safi huvutwa tena. Tope hilo huchanganywa na bentonaiti, yaani udongo laini unaovimba ukilowa. Kazi zake ni tatu: hupoza meno, hupandisha vipande vya ardhi, na hushikilia kuta za shimo zisianguke.

Fundi mwema huchukua vipande hivyo kila baada ya mita chache, akavipanga chini kwa mstari na kuandika kina chake. Hiyo ndiyo barua ya ardhi. Asiyeisoma hawezi kujua mfinyanzi umeanza wapi, wala mchanga mnene wenye maji uko wapi.

Kulijenga shimo liwe kisima

Hapa ndipo penye kiini cha mafundisho yetu. Shimo likiisha, hushushwa mabomba ya plastiki, ambayo mafundi huyaita kesingi. Yale yanayokaa mbele ya mchanga wenye maji hukatwa nyufa nyembamba, ili maji yapite na mchanga uzuiwe. Kisha changarawe safi hutiwa kati ya bomba na ukuta wa shimo, izunguke nyufa hizo na kupanda kidogo juu yake.

Juu ya changarawe, hasa mbele ya tabaka la mfinyanzi, hapana budi kuziba kwa bentonaiti au saruji, na sehemu ya juu kabisa izibwe kwa saruji, kisha isakafiwe. Wako wachimbaji wanaojaza changarawe hata juu, kwa kuwa ni kazi nyepesi. Changarawe hiyo huwa mfereji. Mfinyanzi uliokuwa kifuniko cha maji ya chini umekwisha kutobolewa, na uchafu wa juu hupata njia ya kushuka. Mwenye kufanya hivyo hajaharibu maji yake tu, bali na ya jirani, kwa maana maji ya chini hayajui mipaka ya viwanja.

Walimu waweza kuwapa watoto hesabu hii. Shimo la upana wa sentimeta 25, likitiwa bomba la sentimeta 16, huacha nafasi ya lita 29 hivi kwa kila mita. Basi mita 40 za changarawe zataka lita 1,160, yaani ndoo 58 za lita 20. Mwenye kisima na azihesabu ndoo: zikiwa chache mno, pana tupu mahali, zikiwa nyingi mno, huenda changarawe imepita mahali pa saruji.

Kusafisha na kupima

Lile tope lililosaidia kuchimba sasa ni adui, kwa sababu huziba mchanga wenye maji. Hupulizwa hewa ya kompresa chini kwa saa nyingi, hata maji yatoke meupe bila mchanga. Kisha pampu huendeshwa muda mrefu, mara nyingi saa 24, na kina cha maji hupimwa yanaposhuka na yanaporudi. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 24, kisima chatoa lita 3,000 kwa saa. Pampu isiyozidi uwezo huo ndiyo ifaayo. Pampu kubwa mno huvuta mchanga, na karibu na bahari huvuta maji ya chumvi. Mwisho kisima hutiwa klorini, na maji hupelekwa maabara.

Maneno ya mwisho

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yataka kibali. Kwa sehemu hizi hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na mchimbaji awe na leseni. Kisima kiwe mbali na choo, wataalamu hutaja mita 30. Na penye viwanja vidogo, ambapo nafasi hiyo haipatikani, saruji ndiyo ya kuangaliwa zaidi.

Twawashauri wenyeviti wa mitaa wamwulize kila mchimbaji maneno matatu kabla lori halijaingia: Utaziba kwa nini, toka mita ngapi hata ngapi, na nani atashuhudia? Kuuliza si ujinga. Saruji ya kisima hutiwa mara moja, siku ile ile. Lori likiisha kuondoka, ni vigumu mno kuirudia.