Mpangaji katika Nyumba Iliyowekwa Rehani

Huenda mtu akasema kuwa mas-ala haya si ya watu wa Mkokoni. Nyumba za huku kwetu, mkabala wa Kiwayu, nyingi hazina hati ya serikali, na benki haipokei rehani ya nyumba isiyo na hati. Lakini tangu vita vya shifta vya miaka ya 1960 kuwahamisha watu wengi wa vijiji hivi, ni nadra kuona ukoo usio na jamaa Amu, Malindi au Mombasa, na wengi wao ni wapangaji. Mwenye nyumba akikopa benki akashindwa kulipa, nyumba hupigwa mnada. Na mpangaji, ambaye hakula hata senti moja ya deni lile, huamka akamkuta dalali mlangoni. Je, ana haki gani?

Tuanze na fiqhi. Ijara ni kuuza manufaa ya kitu kwa muda unaojulikana. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafii wametenga nyumba yenyewe na manufaa yake. Mwenye nyumba akimpangisha mtu mwaka mmoja, amekwisha kumuuzia makazi ya mwaka ule. Akiiuza nyumba katikati ya mwaka, auza kile kilichobaki mkononi mwake, yaani nyumba bila ya makazi yake. Kwa hivyo kauli yenye nguvu ni kwamba bei huswihi na ijara haivunjiki. Mnunuzi hungoja muda uishe. Ikiwa hakujua kwamba ndani mna mpangaji, ana khiyari ya kuivunja bei. Njia ya kumtoa mpangaji hana.

Mtu atauliza: na ikiwa nyumba iliwekwa rehani kabla ya mpangaji kuingia? Hapa hukumu yageuka. Aliyeweka rehani haruhusiwi kupangisha kwa muda utakaopita siku ya kulipa deni, ila kwa idhini ya mdai anayeishika rehani; kwani haki ya mdai ilitangulia, na nyumba yenye mpangaji hupungua thamani. Basi mwenye kutafuta nyumba, kabla ya kuuliza kodi, na aulize kama nyumba ina rehani.

La ajabu ni kwamba sheria ya nchi imepita njia iyo hiyo. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 yamkataza aliyeweka rehani kupangisha kwa zaidi ya mwaka mmoja bila ya idhini ya maandishi ya mkopeshaji. Deni lisipolipwa, mkopeshaji hana budi kumpa mkopaji ilani ya miezi 3 isiyopungua. Kisha atoe ilani ya kuuza, na siku 40 zipite. Nakala ya ilani hii ya pili ni lazima apewe mpangaji pia, na ibandikwe mahali pa wazi penye nyumba. Wengi hawalijui jambo hili. Huiona karatasi ukutani, wakadhani ni ugomvi wa wakubwa, wakapita. Na mkopeshaji akitaka kuishika nyumba, aingie kwa amani au kwa amri ya mahkama; kuvunja kufuli na kutupa godoro barabarani hakumo katika ruhusa hiyo.

Hata wenye nyumba bila ardhi, walio wengi Mombasa na Malindi, wamo katika hukumu hii: wao ni wapangaji wa kiwanja, na sheria yataja wapangaji wa ardhi na wa majengo yaliyo juu yake.

Penye hitilafu ni kodi. Kwa fiqhi yetu kodi ya muda uliobaki ni ya yule aliyepangisha, kwa kuwa ndiye aliyeuza manufaa. Kwa sheria ya nchi benki yaweza kumweka mtu wa kukusanya kodi, na nyumba ikiuzwa kodi humfuata mmiliki mpya. Mpangaji aliyekwisha kupata ilani ya maandishi, naye akaendelea kumpa mwenye nyumba wa zamani pesa mkononi bila ya risiti, huenda akalipa mara mbili. Kulipa kodi ya miezi mingi mbele katika nyumba yenye rehani, sisi twaona ni kujitia hatarini bure.

Tena wengi wetu hupanga mwezi kwa mwezi, kwa maneno matupu. Kauli sahihi katika madhehebu ni kwamba kupangisha “kila mwezi kwa kiasi kadha”, bila ya kutaja ni miezi mingapi, hakuswihi, kwani muda haujulikani. Watu huiona hukumu hii nzito. Lakini mwenye muda ulioandikwa ana cha kumwonyesha mnunuzi; wa mwezi kwa mwezi, hata kwa sheria ya nchi, ana ilani ya mwezi mmoja tu.

Wazee wa pwani na Unguja waliijua balaa nyingine, bei ya khiyari: mdaiwa humuuzia mkopeshaji nyumba yake kwa sharti ya kuikomboa, kisha akabaki mumo humo akilipa kodi. Kodi ile ndiyo riba yenyewe, ila imevishwa kanzu. Wengi hawakukomboa, wakawa wapangaji katika nyumba za baba zao. Mali ilihama hata serikali ya Unguja, mwaka 1934, ikatunga sheria ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isiuzwe ovyo kwa wengine.

Na shauri la namna hii halipelekwi kwa kadhi. Katiba ya 2010 imemwachia kadhi ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Mambo ya ardhi yana Mahkama ya Mazingira na Ardhi. Mpangaji aendapo huko achukue mkataba wake, risiti zake, na ile karatasi iliyobandikwa ukutani.