SOMO LA VIKUNDI: MLIMA NI MMOJA, NJIA NI NYINGI

Mara nyingi tunasikia, "Wenzetu wameshanunua tanki na ng'ombe, sisi bado. Afadhali tuvunje kikundi tugawane pesa." Kabla hamjavunja, tuwaangalie waendesha baiskeli.

Kule Ufaransa kuna mashindano yaitwayo Tour de France: siku 21 za mbio, zaidi ya kilomita 3,000, milima kwa mabonde. Tulinganishe washindi watatu.

1. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mwaka 2020, mara yake ya kwanza kushiriki, akiwa na miaka 21 tu.

2. Bradley Wiggins wa Uingereza alianzia mbio fupi za uwanjani, akapata dhahabu ya Olimpiki mwaka 2004. Tour aliishinda 2012, akiwa na miaka 32.

3. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Mkenya David Kinjah alimfundisha kule Kikuyu, na mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Tour ya 2008 alimaliza nyuma sana. Mwaka 2010 akapimwa, akakutwa na kichocho, ugonjwa ambao majirani zetu wa Mwea wanaujua vizuri. Akatibiwa. Mwaka 2012 kazi yake ilikuwa kumvuta Wiggins milimani, naye akawa wa pili. Mwaka 2013 wenzake walimvuta yeye, akashinda. Akashinda tena 2015, 2016 na 2017.

Tunajifunza nini?

Kwanza, kuchelewa si kushindwa. Msipime kikundi chenu kwa tanki la jirani.

Pili, mkiishiwa nguvu, tafuteni ugonjwa kabla ya kulaumiana. Labda ni mikopo isiyorudishwa, au daftari lisiloandikwa. Na labda ni ugonjwa kweli: mtu akikojoa damu, aende kliniki. Kichocho kina dawa.

Tatu, hakuna anayeshinda peke yake. Ni kama meri-go-raundi: leo unamchangia mwenzako, kesho ni zamu yako. Anayepokea halafu akatoroka anawaangusha wote.

Maswali ya kujadiliana:

(a) Kikundi chetu kilianzia wapi, na sasa kimefika wapi?
(b) Ni "kichocho" gani kinachotumaliza kimyakimya?
(c) Ni nani amekuwa akituvuta siku zote, na hatujamshukuru?

Mkimaliza, someni pamoja 1 Wakorintho 12, Paulo anapoeleza juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi. Halafu mfungue daftari.