Sarufi safi, alama 5 kati ya 10

Swali: Binti yangu yuko darasa la saba hapa jimbo la Washington. Zoezi la insha ya maelezo kwa mtindo wa mtihani wa Smarter Balanced limempa 5 kati ya 10, na sarufi yake ni safi. Kulikoni?

Jibu: Sarufi, tahajia na uakifishaji vina alama 2 tu. Lengo na mpangilio 4, ushahidi na ufafanuzi 4. Nahisi amekwama kwenye ushahidi, wanakokwama wengi: mtoto ananukuu matini aliyopewa, kisha anarukia aya nyingine bila kueleza nukuu inathibitisha nini. Kila akinukuu, ataje chanzo na aongeze sentensi mbili za kwake. Akinakili matini tu, hata alama hapewi. Urefu, ndugu yangu, hauna fungu lake.