RAMADHANI 19: MDUDU NILIYEMHESABIA MIGUU VIBAYA



Ndugu zangu, mama zangu na dada zangu, natumai futari imeteremka vizuri. Darsa la leo lina deni ndani yake, na deni ni langu mimi.

Miaka 18 iliyopita, nikiwa nimetoka chuo na diploma yangu mkononi, nilikuwa nafundisha sayansi darasa la tano. Siku moja mtoto akaleta chupa yenye mchanga mbichi na vile vidudu vinavyorukaruka ufukweni ukifunua mwani uliooza. Akauliza, "Mwalimu, huyu ni nani?" Nikamjibu palepale: kiroboto wa mchangani, ni mdudu, na mdudu ana miguu sita. Akasema, "Mwalimu, mimi nimehesabu kumi na minne." Darasa zima likacheka. Mimi nikacheka nao. Kwenye daftari lake nikatia kosa.

Sikuwa nimemtazama huyo mnyama. Hata chupa sikuishika.

Basi leo tumtazame. Jamaa hawa wanaitwa amfipodi. Jina alilitoa mtaalamu wa Kifaransa, Latreille, mwaka 1816, kutokana na Kigiriki, na maana yake ni kama kusema miguu ya pande mbili. Utaona sababu sasa hivi. Mfano nitakaouchukua ni yule wa fukwe za Ulaya, Talitrus saltator, kwa kuwa ndiye aliyechunguzwa sana. Aliyemwandika kwanza ni Mwingereza George Montagu, mwaka 1808. Urefu wake hauzidi sana sentimita moja na nusu.

Kitu cha kwanza ni umbo. Mwili wake umebanwa ubavuni, kama umeshikwa katikati ya viganja viwili. Ukimlaza juu ya meza anaanguka upande. Ana binamu zake waitwao isopodi, nao wana jozi saba za miguu vilevile, lakini wao wamebanwa toka juu kwenda chini, kama waliokanyagwa. Hana lile gamba moja kubwa linalofunika kifua cha kamba. Pingili zake zinaonekana moja moja. Na macho hayakusimama juu ya vijiti kama ya kaa, yamekaa palepale kichwani.

Kifuani ndipo penye miguu, jozi saba. Jozi mbili za mbele ni za kushikia chakula. Mbili zinazofuata zimeelekea mbele, na tatu za mwisho zimegeukia nyuma. Hiyo ndiyo miguu ya pande mbili. Saba mara mbili ni kumi na nne, jamani! Mtoto alikuwa sahihi.

Tumboni kuna viungo vingine tena. Jozi tatu laini zinapunga na kupitisha maji au unyevu, halafu jozi tatu ngumu ziko karibu na mkia. Hizi ngumu ndizo za kurukia: anakunja tumbo chini yake, kisha analifyatua kwa nguvu dhidi ya mchanga. Kiroboto anaruka kwa miguu yake ya nyuma. Huyu anaruka kwa mkia. Na chini ya kifua, penye mizizi ya miguu, kuna mashavu ya kupumulia. Ndiyo maana mchana anajichimbia kwenye mchanga wenye unyevu. Akikauka, hawezi kupumua.

Mama zangu watapenda hili. Jike ana mfuko chini ya kifua, uliofanywa kwa vibamba vilivyofunikana. Mayai yanakaa humo, na watoto wakitoka wanakuwa tayari na umbo la mama yao. Kaa na kamba watoto wao huelea baharini kwa umbo jingine kabisa kabla hawajawa wakubwa. Huyu haachii mtoto wake maji.

Sasa ukoo wake. Faila ni arithropodi, ambamo wadudu nao wamo, kwa hiyo si kwamba nilikosea kila kitu (najitetea kidogo). Lakini huyu yuko kwa krasteshia pamoja na kaa na kamba, ngeli ya malakostraka, oda ya amfipodi, familia ya Talitridae. Oda hii ina spishi zaidi ya 10,000, nyingi za baharini. Familia hii ndiyo iliyopanda nchi kavu. Unawatambua kwa vipapasio: jozi ya juu ni mifupi kabisa, ya chini ni mirefu. Na dume wa Talitrus hana lile koleo kubwa la mkono wa pili walilonalo madume wa jenasi ya jirani, Orchestia. Wataalamu wanagawana koo kwa vitu vidogo namna hii. Mwaka 2013 Lowry na Myers walikusanya kundi zima jipya kwa kutazama vinywele vigumu kwenye ncha za viungo vya mkiani.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni habari ya Waitaliano wawili, Pardi na Papi, miaka ya 1950. Waliwachukua hawa kutoka pwani ya magharibi ya Italia, ambako bahari iko magharibi, wakawapeleka pwani ya mashariki. Wakawaweka mahali ambapo hawaioni bahari, wanaona mbingu tu. Wakaenda magharibi, yaani kuelekea bara, huku bahari iko nyuma yao. Walikuwa wanafuata jua, na wanajua kurekebisha jinsi linavyosogea saa kwa saa. Usiku wanafuata mwezi. (Sisi huku kila mwaka tunabishana umeandama au haujaandama.) Baadaye ikaonekana kwamba hata waliozaliwa maabara, ambao hawajawahi kuuona ufukwe, wanashika upande wa wazazi wao. Waitaliano wakaja mpaka pwani ya Somalia kuwachunguza jamaa zao wa huku, maana karibu na ikweta jua la adhuhuri mara liko kaskazini, mara kusini.

Nimeandika yote haya kwa sababu ya ujumbe wa juzi. Yule mtoto ni mtu mzima sasa, ana mke na watoto, na yumo humuhumu kwenye chaneli. Alipoona tangazo la vijana kwamba tutasafisha ufukwe kabla ya Idi, na kwamba mwani wote utakwanguliwa uchomwe, akaniandikia: "Mwalimu, wale wako wa miguu sita watakula nini?"

Nimempigia simu. Nimemwomba radhi, akacheka, akasema alishasahau. Sidhani.

Na swali lake ni la haki. Mwani ule uliotupwa na mawimbi ndio chakula chao na kivuli chao, na ndege wa ufukweni wanawala wao. Nimezungumza na vijana tukakubaliana: Jumamosi tunaokota plastiki, nyavu zilizokatika, chupa na nepi. Mwani unabaki pale ulipo. Wenye reki waziache nyumbani, waje na magunia na glavu. Tunaanza mara baada ya Alfajiri, kabla jua halijakolea. Yeye ndiye atakayesimamia, na watoto wa madrasa watakuja na chupa zao.

Wassalaam.